Taa ya Kijani Si Ulinzi: Mnanunua Lango Halafu Mnapita Kando

Wasee, leo sina utani.

Ijumaa moja, saa kumi na moja jioni, niliandika mstari mmoja kwenye mtandao wa sacco fulani. Mstari mmoja tu. Ukaacha akiba, picha za vitambulisho na fomu za wadhamini za maelfu ya watu bila ulinzi kwa miezi minne. Hakuna aliyegundua. Kwenye skrini taa zote zilikuwa kijani, meneja alifurahi, muuzaji akalipwa, mimi nikaenda zangu kula nyama choma.

Jina la sacco silitaji, na msiniulize. Nasema haya kwa sababu tangu siku hiyo nimeingia kwenye ofisi nyingi kama fundi wa mtandao, na mara kwa mara nakutana na mstari kama ule. Umeandikwa na kijana kama mimi, siku yenye presha kama ile, na kila mtu ameshausahau. Kwa hivyo hapa sirushi mawe kutoka juu ya mti. Mimi mwenyewe nimeshawahi kufanya huu ujinga.

Wacha nieleze vizuri, hata kama wewe si mtu wa kompyuta. Pesa zako ziko ndani ya hii stori.

Sacco ilikuwa na matawi tisa. Zamani kila tawi lilikodi laini maalum ya kampuni ya simu hadi makao makuu Nairobi. Laini hizo ni ghali, na kila kitu kilipitia Nairobi. Karani wa Kitale akitaka kufungua barua pepe, data yake inasafiri hadi Nairobi kwanza ndipo itoke nje. Stima ikipotea makao makuu na jenereta ikikataa kuwaka, matawi yote tisa yanakaa kama watu waliofiwa.

Mpango mpya ulikuwa huu. Kila tawi linunue intaneti ya kawaida, faiba upande mmoja na laini ya simu upande wa pili. Kifaa kidogo kwenye tawi kinachagua njia iliyo nzuri wakati huo, kisha kinachimba handaki, yaani data inasimbwa ili mtu wa njiani asiweze kuisoma. Handaki hilo linaishia kwenye kituo kilicho katika wingu, na kituo ndicho kinachounganisha matawi, mfumo wa akaunti na intaneti. Hiyo ndiyo watu wanaita SD-WAN. Ukiongeza lango la usalama kwenye kituo hicho, likague kila kinachopita, unakaribia kile ambacho kampuni ya Gartner ilikipa jina la SASE mwaka 2019. Wauzaji hawajanyamaza tangu siku hiyo.

Kwenye karatasi ni mpango mzuri, na hata leo naukubali. Sipingi wingu. Ninachopinga ni hii tabia yetu ya kulichukulia lango kama kitu cha kununua, kuwasha, na kupiga picha. Kuunganisha lango na mtandao maana yake si kuliwasha. Maana yake ni kuhakikisha hakuna njia hata moja inayolikwepa. Nyote mnajua mtaa ambao wapangaji wanalipia mlinzi kwenye geti kubwa, ana sare, ana tochi, ana kitabu cha wageni, halafu ua wa nyuma una shimo ambalo watoto wanapitia kwenda dukani. Mtandao wetu ulikuwa hivyo. Na shimo nililitoboa mimi.

Ijumaa yenyewe

Saa nane mchana tulihamisha tawi la kwanza. Handaki likawaka. Tukituma ping, jibu linarudi. Ukurasa wa kuingia kwenye mfumo unafunguka. Tukagongana ngumi. Halafu karani akajaribu kutoa taarifa ya akaunti ya mwanachama. Skrini ikazunguka, ikazunguka, ikakwama. Akajaribu tena, ikakwama tena. Na ilikuwa mwisho wa mwezi, foleni imefika nje, watu wanataka pesa zao.

Sai naweza kukueleza lile tatizo kwa dakika moja. Data husafiri kwa pakiti, na pakiti ya kawaida haizidi baiti 1,500. Ukiipitisha kwenye handaki unaivisha bahasha ya ziada. Kufika kwenye lango letu kulihitaji handaki ndani ya handaki, kwa hivyo bahasha mbili. Bahasha nazo zina ukubwa wake, kwa hivyo pakiti iliyojaa haitoshi tena njiani. Kwa kawaida kifaa cha njiani hurudisha ujumbe kwa mtumaji: punguza mzigo. Lakini lango letu lilikuwa limepangwa kuzuia ujumbe wa aina hiyo, kuna mtu aliona ni hatari. Matokeo ni kwamba pakiti ndogo zinapita na kubwa zinatupwa kimyakimya. Ping ni ndogo. Ukurasa wa kuingia ni mdogo. Taarifa ya akaunti ni kubwa. Dawa yake ni mpangilio mmoja unaoambia kompyuta za pande zote mbili zisipakie zaidi ya baiti 1,350 hivi kwenye pakiti moja. Basi, imeisha.

Lakini Ijumaa ile sikujua. Meneja alikuwa amesimama nyuma yangu. "Kijana, watu wako nje." Nikampigia muuzaji. Akaniambia, "Weka njia ya kupita kando kwa sasa, Jumatatu tutarekebisha." Nikaweka. Data ya matawi iende moja kwa moja kwenye mfumo bila kupita langoni, na kila tawi liruhusiwe kuongea na kila kitu. Taarifa ikatoka. Meneja akanipiga bega: "Wewe sasa ndiye fundi."

Jumatatu ikaja na mambo yake. Ikaja na nyingine. Miezi minne.

Nilirudi kwa bahati tu, kubadilisha rauta kwenye tawi moja la mashambani. Nikachomeka kompyuta yangu kwenye tundu lililo karibu na kinasa cha kamera za ulinzi, nikaandika anwani ya mfumo wa akaunti. Ukafunguka. Nikatazama kinasa chenyewe: nenosiri lake lilikuwa lile la kiwandani, na kilikuwa kimefunguliwa kwa intaneti ili meneja wa tawi atazame kamera akiwa kwake nyumbani. Yaani mtu yeyote duniani ambaye angekipata kinasa kile angekuwa na ngazi ya kufika hadi kwenye mlango wa akaunti za wanachama.

Kuna mtu aliipanda ile ngazi? Nikatafuta kumbukumbu. Lango halikuwa na kumbukumbu zozote za matawi, na lingekuwa nazo vipi kama data haikuwa inapita hapo? Kifaa cha tawi kilikuwa kinahifadhi siku saba tu. Jibu tulilompa mwenyekiti wa bodi lilikuwa neno moja: hatujui.

Fikiria mama anayeuza mboga Kitale, amemdhamini shemeji yake mkopo, nakala ya kitambulisho chake iko kwenye ule mfumo na sahihi yake pia. Anauliza kama vitu vyake viko salama. Unamwambia hatujui.

Uongo wa kwanza: "Wingu lina usalama wake"

Hii ndiyo sentensi inayouzwa sana kwenye mikutano ya zabuni. Ni nusu ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayotuumiza. Kampuni kubwa za wingu zenyewe zinasema wazi kwamba kazi imegawanywa: wao wanalinda majengo, mashine na nyaya, wewe unalinda mipangilio yako, watumiaji wako na data yako. Mwenye nyumba amekujengea ukuta na paa na ameweka mlinzi kwenye geti. Ukilala na mlango wazi, huendi kumgombanisha asubuhi.

Ati haya ni mambo ya sacco ndogo za Kenya? Hebu tuangalie Marekani. Mwaka 2019 benki ya Capital One ilipoteza taarifa za watu karibu milioni 100 wa Marekani na milioni 6 wa Kanada. Data ilikuwa kwenye wingu la Amazon, na Amazon haikuvunjwa. Aliyeingia alipitia kifaa cha ulinzi cha benki yenyewe kilichokuwa kimepangwa vibaya na kupewa ruhusa kubwa kuliko kazi yake. Lango lenyewe ndilo lililomkaribisha mwizi. Aliingia Machi, benki ikajua Julai, tena baada ya mtu wa nje kuwatumia ujumbe. Karibu miezi minne, kama yangu. Mwaka 2020 msimamizi wa benki za Marekani akawatoza faini ya dola milioni 80.

Hiyo ni benki yenye pesa na jeshi la mafundi. Wewe una fundi mmoja wa mkataba ambaye pia anatengeneza printa.

Uongo wa pili: "Lango limeshaunganishwa"

Swali langu huwa moja tu: data inapita hapo kwenda na kurudi?

Lango la kisasa lina kumbukumbu. Likiona ombi linatoka, linaandika kitabuni, na jibu likirudi linaangalia kama jina limo. Sasa wewe umeweka malango mawili ili moja likianguka lingine lishike, vizuri sana. Lakini hukupanga njia sawasawa. Ombi linatoka kwa lango A, jibu linarudi kwa lango B. Mlinzi wa B anafungua kitabu chake, haoni jina, anakufukuza. Mtandao unaanza kukatika ovyo, leo sawa, kesho mbaya, wateja wanapiga kelele. Na fundi aliyechoka hufanya nini? Anamwambia mlinzi wa B aache kuuliza majina. Kelele zinaisha. Ulinzi nao unaisha, lakini taa bado ni kijani.

Kingine ni zile namba kubwa kwenye karatasi za matangazo. Kasi inayoandikwa pale mbele mara nyingi imepimwa lango likiwa halikagui kwa kina. Washa ukaguzi wote uliolipia, kasi inashuka sana. Ofisi zinagundua hivyo baada ya kununua, kisha zinazima ukaguzi ili intaneti irudi mbio. Umelipia mlinzi, halafu umemwomba alale ili foleni isonge.

Halafu kuna data iliyosimbwa, ambayo siku hizi ndiyo karibu yote. Ili lango lione ndani, lazima lifungue bahasha, lisome, lifunge tena, na kompyuta za ofisi ziwekewe cheti cha kulikubali lango hilo. Baadhi ya programu, hasa za benki, zinakataa kabisa cheti cha katikati, na zina haki. Kwa hivyo unaandika orodha ya visivyofunguliwa. Orodha yenyewe si dhambi. Dhambi ni orodha iliyoanza na vitu vitano, leo ina themanini, na hakuna anayejua nani aliongeza cha sita.

Uongo wa tatu: "Tutakaza baadaye"

Huu ndio ninaouchukia zaidi, kwa sababu niliusema kwa mdomo wangu. Baadaye huwa haifiki, na sababu si uvivu. Mtandao uliofunguka haumsumbui mtu. Hakuna mteja anayelalamika, hakuna meneja anayepiga simu, hakuna taa nyekundu. Ukiukaza, siku hiyo hiyo kitu fulani kitakatika na simu zitaanza. Yaani mfumo mzima unamlipa mtu anayefungua na kumwadhibu anayefunga. Kisha tunashangaa kwa nini kila kitu kiko wazi.

Kwa hivyo msiniambie hili ni suala la mafundi wabaya. Ni la wakubwa wanaoweka tarehe ya kuhama Ijumaa ya mwisho wa mwezi, wanaokataa kutoa saa mbili za kufunga kaunta ili kujaribu, na ambao kwao "inafanya kazi" maana yake ni taarifa imetoka kwenye printa.

"Si basi turudi kule zamani?"

Kuna wazee wa ICT watasoma hapa watasema, unaona, tuliwaambia, rudisheni kila kitu makao makuu, lango moja, mlango mmoja, tunaliona kwa macho. Nawaheshimu, wengine wamenifundisha kazi. Lakini hapana. Lango moja makao makuu lilikuwa zuri wakati mfumo wenyewe ulikuwa makao makuu. Sai barua pepe iko kwenye wingu, mfumo wa akaunti uko kwenye wingu, hata mikutano ya bodi inafanyiwa huko. Kutoa data Kitale, kuivuta Nairobi, kuitoa tena nje na kuirudisha vivyo hivyo ni kuchosha watu bure. Na watu wakichoka wanatafuta shimo: karani anawasha intaneti ya simu yake, anafanya kazi ya ofisi humo, na lango lako la makao makuu halimwoni kabisa.

Ila wazee wana hoja moja ambayo vijana tunaikwepa: lango la wingu liko wapi, kwa miguu? Wingu ni jengo, na jengo liko mahali. Kwa wengi wetu mahali hapo ni Johannesburg, Cape Town au Ulaya. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, na mawasiliano ya baharini kati ya Afrika Mashariki na Afrika Kusini yakaathirika vibaya. Miezi michache kabla, Februari, nyaya za Bahari ya Shamu nazo zilikuwa zimeharibika. Kusini na kaskazini, mwaka mmoja. Kama kila data yako, hata ya karani wa Meru anayeongea na seva iliyo Nairobi, ilikuwa inaenda kukaguliwa kusini kwanza, siku hiyo ulikuwa na malango mazuri kabisa na hakuna kazi.

Na hapo ndipo shimo huzaliwa upya. Nyaya zikikatika, mtu ataandika mstari wa kupita kando ili watu wahudumiwe. Kwa hivyo swali la mahali lango lilipo ni swali la usalama, si la kasi tu. Data inayoanzia Kenya na kuishia Kenya ikaguliwe Kenya. Nchi hii ina kituo cha kubadilishana data, KIXP, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, kilichowekwa ili data ya hapa hapa isizunguke dunia. Muuzaji akikuambia hana lango Nairobi wala Mombasa, mwambie aeleze mpango wa siku waya ukikatika, aandike, atie sahihi.

Lango lenyewe ni windo

Kitu kingine hawakuambii: lango linakaa uso kwa uso na intaneti nzima, kwa hivyo ndilo linalogongwa kwanza. Mei 2019 Fortinet ilitoa rekebisho la tundu kwenye malango yake. Septemba 2021 majina na nenosiri vya kuingilia malango karibu 87,000 vikamwagwa mtandaoni, vilivyochotwa kwa tundu lile lile. Rekebisho lilikuwepo zaidi ya miaka miwili. Kuna walioliweka wakasahau kubadilisha nenosiri zilizokuwa zimeshaibwa, na kuna ambao hawakuliweka kabisa.

Januari 2024 ilikuwa zamu ya Ivanti. Hali ilikuwa mbaya hadi shirika la usalama wa mitandao la Marekani, CISA, likaamuru ofisi za serikali kuu ziyachomoe malango hayo kabla ya usiku wa tarehe 2 Februari. Kuyachomoa, si kuyatazama. Aprili mwaka huo huo tundu la Palo Alto likapewa alama 10 kati ya 10 kwa hatari. Hizi ni kampuni kubwa, sisemi ni mbovu kuliko wengine. Ninachosema ni kwamba lango bila mtu wa kulisasisha ni dirisha lenye bango la ulinzi. Kwenye zabuni uliandika bei ya lango. Uliandika bei ya mtu wa kuliamkia saa nane usiku?

"Sisi ni wadogo, hatuna pesa"

Hii naielewa. Nimekaa kwenye vikao ambavyo shilingi elfu hamsini inajadiliwa saa tatu. Lakini hebu tuhesabu vizuri. Mstari wangu haukusababishwa na ukosefu wa pesa. Lango lilikuwa limeshalipiwa. Dawa ilikuwa mpangilio mmoja usiogharimu hata bob. Kilichokosekana ni saa mbili za kujaribu na mtu wa kuuliza Jumatatu.

Na sheria haikuulizi kama wewe ni mdogo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka mwenye data ajenge ulinzi tangu mwanzo wa mfumo, si kuubandika mwishoni. Data ikifikiwa na asiyeruhusiwa na kukawa na hatari ya kweli kwa wenyewe, una saa 72 tangu ujue kumwarifu Kamishna wa Data. Faini inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Lakini mimi faini hainitishi sana. Hizo saa 72 zinahesabiwa tangu ujue, na ofisi yenye shimo na kumbukumbu za siku saba haiwezi kujua kitu. Tumejenga mitandao ambayo njia rahisi ya kutovunja sheria ni kubaki gizani. Hiyo ni aibu.

Ninachodai

Wewe uliye kwenye bodi, kamati ya usimamizi, au ni mwanachama tu mwenye mdomo kwenye mkutano mkuu, huhitaji kujua kompyuta. Uliza haya matano:

1. Kuna njia yoyote ya data isiyopita langoni? Nionyeshe orodha, na jina la aliyeruhusu kila moja.
2. Ruhusa za muda zinaisha tarehe gani? Ruhusa isiyo na tarehe ya kufa si ya muda.
3. Lango likianguka, linafunga au linaachia kila kitu kipite? Nani aliamua hivyo?
4. Mara ya mwisho mlilizima makusudi mkaona kinachotokea ni lini?
5. Kumbukumbu zinakaa siku ngapi, na nani huzisoma?

Na wewe fundi mwenzangu: usihamishe tawi Ijumaa. Jaribu na kitu kikubwa, si ping. Toa taarifa ya mwaka mzima, pakia picha za kitambulisho, kisha chomoa faiba katikati uone. Tenga kamera, simu za wageni na printa mbali na mfumo wa pesa, kila moja na chumba chake, na kati ya vyumba kanuni iwe kukataa hadi iandikwe vinginevyo. Mkubwa akikwambia weka njia ya kando, muombe aandike ujumbe, hata wa WhatsApp. Si kumtega. Utashangaa jinsi watu wanavyopata subira ghafla wakiombwa kuandika.

Ule mstari niliufuta usiku wa Jumamosi. Nilimwambia meneja ukweli wote kabla, akanyamaza muda mrefu, kisha akauliza, "Kwa hivyo miezi hii yote tulikuwa tunalipia nini?" Sikuwa na jibu la heshima. Kazi ilichukua saa mbili na nusu, na nusu saa kati ya hizo ilikuwa kuomba funguo za chumba cha seva. Jumatatu taarifa zilitoka, kupitia langoni, na foleni haikujua tofauti.

Saa mbili na nusu, wasee. Tuliziahirisha kwa miezi minne.

Kesho asubuhi nenda kamuulize fundi wako swali la kwanza kati ya yale matano. Akijibu haraka sana "hakuna," mwambie akuonyeshe.